Blanketi, Mama Mkwe na Nyoka Kipofu

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, tena nikiwa nimejifunika blanketi.

Barua hii ni yenu nyote tuliokuwa pamoja chuoni. Joram akimaliza ampe Esta, Esta ampe Ndege. Ningewapigia simu, lakini kile kibanda cha posta mjini Kakamega humeza sarafu kabla hujamaliza kusema halo, na kisa hiki kinataka nafasi. Isitoshe, watu wote kwenye foleni wangenisikia. Aibu ya leo inanitosha.

Haya, kaeni.

Mnajua kwamba tangu nimwoe Rispa, mama yake hajawahi kukanyaga kwangu. Kwao ni Likuyani, kule kwenye mahindi. Na huku kwetu mama mkwe hapiti tu kuomba chumvi kama jirani. Hualikwa, huandaliwa, naye huja na wenzake wa kanisani wakiwa na vikapu kichwani. Rispa ameingoja siku hiyo tangu harusi. Mapazia yamefuliwa. Vitambaa vya makochi vimepigwa pasi. Hata mimi nilikaribia kupigwa pasi.

Tena mnaijua sheria yetu. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawashikani mikono. Hawali katika chumba kimoja. Mkikutana njiani, wewe unaingia kwenye miwa mpaka apite. Hata maneno hupitia kwa mtu wa tatu. Dini imebadilisha mengi hapa kwetu, lakini hilo ililikuta na ikaliacha hapo hapo.

Sasa tuje kwa nyoka.

Shule ninayofundisha iko ukingoni mwa msitu. Wiki hii tulikuwa tunachimba shimo la taka nyuma ya maabara, jembe likafukua kitu. Wanafunzi wakasema ni mnyoo. Nikakiokota. Mnyoo gani una magamba? Kilikuwa cheusi-cheusi, kinang'aa, urefu wa kalamu na unene wa kamba ya kiatu. Kichwa na mkia vilifanana hata sikujua nimsalimie upande gani. Mahali pa macho palikuwa na vidoti viwili vilivyofunikwa na gamba. Nyoka kipofu! Wanafunzi wakarudi nyuma. Mimi nikapiga magoti kwenye udongo na suruali yangu ya kazini.

Wapo nyoka vipofu wengi, lakini yupo mmoja anayeitwa kwa jina la Kaimosi, wa msitu huu wetu, ambaye hata wataalamu wamemshika mara chache mno. Je, kama ndiye? Nikaomba simu ya shule, nikampigia mtaalamu wa nyoka niliyekutana naye kwenye semina. Ni mzaliwa wa Pemba, anafanya kazi Nairobi, na sisi humwita Daktari.

"Mwalimu, usimtie kwenye spiriti!" akapiga kelele. "Mweke mahali pa baridi na giza, nakuja Jumamosi!"

"Karibu sana," nikasema.

Jumamosi. Siku ya mama mkwe. (Mdomo wangu haujawahi kutazama kalenda.)

Rispa aliposikia, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi kwenye kiti cha jikoni akanitazama.

"Mama akisikia neno nyoka kwa hii boma, atarudi Likuyani kwa miguu," akasema. "Na atasema alijua tu. Alikuwa anasemanga mwalimu wa wadudu si mtu wa kuolewa naye."

Machozi yalimlengalenga. Nikaapa kwamba nyoka hatatajwa wala kuonekana. Nikatafuta mtungi wa zamani, nikaujaza udongo wa kichuguu pamoja na mchwa wake, nikamwingiza mpangaji wangu, naye akazama chini bila kuaga. Jana jioni nikamwongezea kumbikumbi wengi, wanono, nikawatandaza juu. Nilijiona mkarimu. Nikafunika kwa jani la mgomba, nikausukuma mtungi kwenye kona ya jiko la nje, ambako hakuna jua.

Hilo ndilo kosa la kwanza. Yanakuja mengine.

Mama mkwe alifika kabla ya saa sita, akiimba na wenzake tangu barabarani. Mimi nilikuwa nimeshatoroka. Nilimwona kwa nyuma tu, kupitia upenyo wa ua: mama mnene, gauni la buluu, kitambaa cheupe kichwani, na raba za turubai kwa sababu ya matope. Walipoingia ndani nikapumua.

Baadaye kidogo Daktari naye akafika, na begi lake la ngozi. Nikampokea nyuma ya nyumba, chini ya upenu, kama mtu anayepokea mali ya wizi. Shangazi Felista, dada yake baba, ndiye aliyekuwa anasimamia mapishi. Kusikia jina Daktari, akaacha sufuria akaja kumwonyesha goti.

"Linaumanga nikipanda kilima," akasema.

"Pole sana, mama," Daktari akamjibu kwa upole wa watu wa pwani. "Mimi ni daktari wa nyoka."

Shangazi akashusha gauni lake taratibu, akarudi jikoni.

Tukangoja wageni washughulike na chakula ndipo nimtoe nyoka kimyakimya. Daktari akatazama mstari wa msitu ng'ambo ya mashamba, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, unajua kwamba unaishi kisiwani?"

Nikamwambia bahari iliyo karibu ni ziwa, nalo liko Kisumu.

"Kisiwa hakihitaji maji," akasema. "Kwetu Pemba kuna nyoka mdogo asiyepatikana kwingine kokote duniani. Bahari ilimzingira, akabaki na ukoo wake mpaka akawa wa kwake peke yake. Na huu msitu wenu zamani uliungana na ile ya Kongo. Ile ikarudi nyuma, kipande hiki kikasahaulika huku na viumbe vyake. Bahari yenu ni miwa na mahindi. Sasa kijinyoka kisichoona, kinachokaushwa na jua, kinachotaka udongo laini na majani yaliyooza, kitavukaje shamba la miwa? Hakivuki. Msitu huu ukiisha, naye kaisha."

Niseme kweli, hapo nilimwonea huruma yule kiumbe. Nikatazama upande wa jikoni kama baba. Na ndipo Shangazi akatokea mlangoni, anajifuta mikono kwa leso, amefurahi.

"Mwalimu, wewe unafichanga chakula siku ya wakwe?"

"Chakula gani?"

"Si hizi kumbikumbi! Rispa aliahidi mama yake kumbikumbi. Tangu alfajiri nimefunika kichuguu na blanketi, nimepiga vijiti wafikirie ni mvua, nikapata kiganja moja tu. Nikasema leo tumeaibika. Kumbe wewe umejaza mtungi mzima kwa kona!"

Nikamsogelea.

"Shangazi. Uliwachukuaje?"

"Kwa mkono. Nikatia kwa kikaango. Ile jiko ina moshi, hata sikuwa naona."

"Ulichukua wa juu tu, ama…"

"Mwalimu, nimekalanga kila kitu. Na chumvi. Wameshapelekewa mezani."

Daktari alikuwa wa kwanza kufika kwenye mtungi. Mimi wa pili, ingawa mtungi ni wangu. Udongo wa juu ulikuwa umevurugwa. Nikaingiza kijiti, nikachokoa polepole nisimuumize. Hakuna. Nikaingiza vidole. Mchwa walining'ata, nyoka hakuna.

"Subiri kwanza, Mwalimu," Daktari akasema. "Tuupekue taratibu mpaka chini."

Lakini mimi nilishasikia sauti za sahani kutoka sebuleni. Mnaelewa? Mama mkwe, ziara ya kwanza, anatafuna kutoka kwenye sahani ambayo labda ndani yake mna nyoka wa kukaanga. Nyoka mwenyewe hana sumu, hilo halikunisumbua. Nililoliona ni Likuyani nzima ikisimuliana kanisani jinsi mwalimu alivyomlisha mama mkwe nyoka. Nilimwona Rispa akipanga nguo kwenye sanduku. (Na kwa sauti ndogo sana, nilimlilia pia nyoka.)

Sahani ile lazima itoke. Nani aitoe?

"Shangazi, nenda uichukue, sema inaongezwa chumvi."

"Chakula ya mkwe hairudi jikoni! Unataka watasema tumewanyima?"

Nikazunguka mpaka dirishani, nikainama, nikapiga mluzi. Rispa alikuwa ameketi karibu na mama yake. Akageuka. Nikatengeneza umbo la nyoka kwa mkono wangu, nikaonyesha mdomo, nikaonyesha sahani. Rispa alinitazama kwa jicho ambalo sitalisahau, kisha akavuta pazia.

"Kwani wewe huwezi kuingia ukaomba radhi?" Daktari akauliza.

"Siwezi kuonana naye."

"Mmegombana?"

"La. Ndiyo heshima yenyewe."

"Basi niingie mimi."

Nikamwazia Daktari, mwanamume mgeni, akiingia katikati ya akina mama wa kanisa na vibano vyake, akichambua sahani ya mama mkwe. La hasha. Na hapo nikaliona blanketi.

Lilikuwa limeanikwa uani, lile la Shangazi la kufunikia kichuguu, limejaa mabawa ya kumbikumbi. Na akili yangu (mnaikumbuka, ile iliyowafanya mniombe niwafundishe bayolojia usiku wa kuamkia mtihani) ikaniambia hivi: sheria inakataza kuonana. Nikijifunika gubigubi, simwoni. Yeye hanioni. Naingia, natambaa ukutani hadi mezani, nachukua sahani, natoka. Heshima iko palepale.

"Mwalimu," Daktari akasema nikiwa tayari ndani ya blanketi, "mimi bado naupekua mtungi…"

Sikumsubiri.

Nikaingia kwa mlango wa nyuma. Giza tupu. Blanketi lilinuka udongo na moshi, na bawa moja liliniingia puani. Sebuleni walikuwa wanazungumzia bei ya mbolea. Mazungumzo yakapungua. Yakaisha. Nikasikia mama mmoja akinong'ona, "Hiyo ni nini?"

(Ungejibu nini?)

Nikapiga magoti nionekane mdogo. Nikatambaa. Ukuta ulikuwa mkono wa kulia, halafu kabati, halafu ukuta ukaisha nisijue umeishia wapi. Niliyajua makochi yangu kwa miaka, lakini Rispa alikuwa ameyapanga upya kwa ajili ya wageni. Nikabaki nimesimama kwa magoti katikati ya chumba, kipofu anayemtafuta kipofu mwenzake, akitegemea pua na vidole tu. Pua ikanusa kumbikumbi wa kukaanga. Nikaelekea huko, mkono mbele.

Mkono ukagusa kitu sakafuni. Chembamba. Laini. Kirefu kadiri ya kalamu.

Yu hai! Ameanguka kutoka kwenye sahani, yu hai!

Wenzangu, furaha hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nikasahau nilipo, nikasahau kiapo. Nikamshika kwa vidole viwili, nikapaza sauti: "Nyoka! Nimemshika! Nimempata nyoka!"

Nikavuta.

Kilichofuata sikukiona, nilikisikia. Mama mkwe alipiga ukemi ambao nadhani ulifika Mukumu. Makochi yalisukumwa. Meza ilianguka, vikombe vikafuata. Akina mama wa kanisa walitoka kwa mlango mmoja wote kwa wakati mmoja, jambo ambalo mlango huo haukujengewa. Mimi nikazidi kuvuta, maana nyoka naye alikuwa anavuta. Tena kwa nguvu! Kisha mguu ukatua juu ya blanketi, blanketi likabaki sakafuni, na mimi nikabaki wazi.

Nikainua macho.

Mama mkwe alikuwa amepanda kwenye kochi, kitambaa cheupe kimemwangukia sikioni. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini yake, mabawa ya kumbikumbi yamenijaa kichwani, na mkononi nimeshika kamba ya raba yake ya kushoto. Raba yenyewe ilikuwa imeshavuka kisigino.

Tulitazamana. Uso kwa uso. Miaka yote ya kujificha kwenye miwa ikaishia hapo.

Na hapo hapo, dirishani, Daktari akafunua pazia kwa adabu sana. "Hodi humu ndani. Mwalimu, usihangaike. Nyoka nimempata. Yuko mtungini, chini kabisa. Hajambo."

Sikumwangalia Rispa. Nilitoka kwa magoti, kinyumenyume, nimesahau hata kuachia kamba, hadi mama mkwe akautikisa mguu nikaiachia.

Nilikwenda kukaa nyuma ya jiko, kwenye migomba. Shangazi alipita na kuni, akanitazama, akaziweka chini ili acheke vizuri. Nilitaka kulia, na sioni haya kuwaambia. Nilimsikia Rispa analia ndani, na kilio chake kilinichoma kuliko aibu yangu. Alikuwa amepiga pasi vitambaa vile kwa mikono yake. Siku moja tu aliyoomba, nami nimeingia ndani yake nikitambaa.

Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe uani.

"Huyo nyoka iko wapi? Nataka kuona kitu imenivua kiatu."

Nikachungulia kati ya majani. Akina mama walikuwa wamerudi mmoja mmoja, wamesimama mbali. Daktari alikuwa amemweka nyoka kwenye sinia jeupe, na yule kiumbe alikuwa anazunguka pole pole akitafuta pa kujificha. Mama mkwe akasogea, raba moja imefungwa, nyingine inaburuzwa.

"Hii ndogo hivi? Hata kuku ingekataa. Inaumanga?"

"Hawezi, mama. Mdomo wake ni mdogo mno, na uko chini ya pua. Kidole cha mtoto hakiingii."

"Si itamaliza kumbikumbi yetu?"

"Hao hawali. Hula mayai ya mchwa na watoto wao. Wale wenye mabawa, Mwalimu alimpa mapambo tu."

(Nilikuwa sijui. Asante, Daktari. Mbele ya wakwe.)

"Na macho iko wapi?"

"Yamefunikwa na gamba. Anajua tu huu ni mwanga, hili ni giza. Mchana kutwa yuko chini ya ardhi, kimya, hamsumbui mtu. Hutoka labda mvua ikimfukuza."

Mama mkwe akainama. Akamtazama nyoka. Akazitazama raba zake. Kisha akaita, bila kugeuka upande wa migomba, ingawa alijua fika nilipo.

"Rispa!"

"Mama."

"Ambia bwana yako. Huyu ndiye mkwe. Haoni mama mkwe, haguzi yeye, na haingii kwa nyumba kama hajaitwa."

Halafu nikasikia kicheko, na kilikuwa cha Rispa. Nakijua hata gizani. Akacheka mpaka akashika nguzo ya upenu, na akina mama wakamfuata, na Shangazi akaanza upya kana kwamba hakuwa amecheka kabisa. Mimi kwenye migomba nikafuta uso kwa shati. Sikujua kama nacheka au la.

Daktari alihesabu magamba kwa kioo chake, akapima, akapiga picha. Anasema anadhani ndiye yule wa Kaimosi, ila ataniandikia akishalinganisha huko Nairobi. Alipotaka kumfungia chupani, mama mkwe akapeleka ujumbe kupitia kwa Rispa kwamba mkwe hapelekwi Nairobi kwa chupa, arudishwe kwao. Daktari alisitasita, akatazama msitu, akakubali. Tumemrudisha jioni hii chini ya gogo bovu, hatua chache ndani ya miti. Alizama bila kuaga, kama kawaida yake.

Kabla ya kuondoka, mama mkwe aliacha ujumbe mwingine, tena kwa sauti ya kufika migombani. Mimi nimemshika mguu na kumtazama usoni, na jambo hilo kwetu halifutwi kwa pole, hulipiwa. "Aniletee blanketi Likuyani," alisema. "Mpya. Hii ya mchwa abaki nayo. Na akuje kwa mlango ya mbele, akiona mahali anaenda."

Rispa anasema mama yake hamwagizi blanketi mtu asiyetaka kumwona tena. Kwa hiyo nimealikwa! Nimeumbuka, lakini nimealikwa. Amepita sasa hivi hapa ninapoandika, akaniondolea bawa la kumbikumbi nyuma ya sikio, akaanza tena kucheka, akaenda zake.

Basi, wenzangu, ukijifunika gubigubi usione watu, kumbuka watu wanakuona vizuri kabisa. Nawaomba msicheke. Joram, najua umeshaanza. Ila ukija kututembelea Krismasi, nakusihi kama ndugu: usivae viatu vya kamba.